Maswali yenu: kumtumikia Mungu kwa utii na kicho

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Maswali ya safari hii karibu yote yanazunguka utii, twende nayo moja moja.

Mtumishi, mimi ni mwenyekiti wa kwaya. Tunajenga kanisa na nimeahidi mifuko 50 ya simenti, ila dada wa kazi nyumbani sijamlipa miezi mitatu. Si Mungu ataelewa?

Mlipe kwanza, dada yangu, nakwambia kwa upendo. Sauli naye alikuja na sadaka nzuri tu, soma 1 Samweli 15, aliambiwa aangamize vyote vya Waamaleki yeye akabakiza kondoo na ng'ombe walionona na mfalme Agagi akamwacha hai, alipoulizwa akasema wale wanyama ni wa kumtolea Bwana. Samweli akamjibu kutii ni bora kuliko dhabihu na siku hiyohiyo akaambiwa ufalme umeondoka kwake. Na hili la mshahara wala halihitaji kufunga ili upate ufunuo, Kumbukumbu la Torati 24 inataka kibarua alipwe siku yake jua halijazama, na Yakobo 5 inasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele na kilio cha wavunaji kimeingia masikioni mwa Bwana. Kwahiyo kwaya ikiimba na huyo binti akilia jikoni kwako Mungu anasikia vyote viwili. Mpe hela yake yote, halafu nenda kamati ya ujenzi waambie simenti itachelewa. Utaona aibu kidogo lakini ni sawa, vumilia.

Kumcha Mungu ndio kumwogopa? Mimi nikikosea naogopa hata kuomba.

Pale Sinai watu walivyotetemeka kwa ngurumo na moshi Musa aliwaambia msiogope, na hapohapo akawaambia Mungu amekuja ili hofu yake iwe mbele yao wasitende dhambi (Kutoka 20:20). Yani kuna hofu ya kukukimbiza, ile ya Adamu kujificha kwenye miti ya bustani, na kuna ile ya Yusufu, ndani ya nyumba hamna mtu, mke wa bosi anamvuta nguo, na bado anaona hawezi kumkosea Mungu. Hii ya Yusufu ndio kicho. Hiyo yako ya kukuzuia kuomba usiilee, ukikosea tubu siku hiyohiyo, usisubiri mpaka ujisikie msafi.

Kusoma Biblia kwenye simu ibadani ni kukosa heshima?

Hapana. Zima data tu, meseji zisikutoe.

Mchungaji wetu anasema asiyemtii yeye hamtii Mungu. Sasa ananiambia niuze kiwanja nilete hela madhabahuni, na mume wangu hajui. Nikikataa nitalaaniwa?

Hulaaniwi mama. Soma Matendo 5 taratibu, Petro alimwambia Anania kiwanja kabla hakijauzwa kilikuwa mali yake na hata baada ya kuuza hela ilikuwa kwenye uwezo wake, kilichomponza ni uongo wa kuficha sehemu ya hela, sio kwamba aligoma kuuza. Kama mtume hakudai kiwanja cha mtu kwa nguvu, wa leo anaitoa wapi hiyo mamlaka? Hili linaniuma sana maana wanaoumizwa ni wale wanaompenda Mungu kwelikweli. Ni kweli Waebrania 13:17 inatuagiza kuwatii viongozi, lakini Petro huyohuyo alisimama mbele ya baraza akasema inapasa kumtii Mungu kuliko wanadamu. Watakutajia na ule mstari wa msiwaguse masihi wangu, yani wapakwa mafuta wa Mungu, basi muangalie Daudi, Sauli naye alikuwa mpakwa mafuta, alikata upindo wa vazi lake tu moyo ukamchoma, hakumdhuru kabisa, ila alimwambia kosa lake wazi mbele ya watu na hakurudi kukaa naye. Kwahiyo unaweza kumheshimu mchungaji na bado ukakataa. Mwambie mumeo leo, kabla hujasaini chochote, na vitisho vya laana vikiendelea muende wote wawili kwa wazee wa kanisa, usiende peke yako.