Jibu: Mashine ya kuuzia soda na maji, inalipa Dar?
Mkuu, umeuliza kama mashine ya soda inalipa hapa Dar na kama uiweke stendi. Inalipa, ila achana na stendi. Pale Mbezi maji ya baridi yanamfuata abiria hadi dirishani mwa basi, utashindana vipi? Tafuta watu waliokaa ndani usiku: hospitali, hosteli, kiwanda chenye zamu.

Yangu ipo kwenye korido ya hosteli. Inauza hasa saa tano usiku, duka la nje likishafungwa. Noti iliyokunjamana inaitema, mteja anaondoka, kwa hiyo nunua inayopokea malipo ya simu. LUKU ipigie hesabu mapema, friji halizimwi. Na mkataba wa eneo uandikwe, ndugu yangu. Mimi nilishahamishwa kwa maneno matupu.