Maswali na Majibu: Uchawi, Mitambo na Dadu ya Pande 20

Safari hii maswali mengi yanahusu michezo ya kuigiza wahusika inayochezwa mtandaoni. Kwa asiyeijua: watu wanne watano wanakutana kwa simu au kompyuta, kila mmoja na mhusika wake ndani ya hadithi. Mmoja wao, msimulizi, anaeleza dunia yenyewe na kuwaigiza watu wengine wote waliomo. Likitokea jambo lenye mashaka, dadu inarushwa. Mchezo wa kwanza wa kuigiza wahusika, uliochezwa mezani kabla ya mtandao, Dungeons & Dragons, ulitoka Marekani mwaka 1974. Mimi nasimulia kila Jumamosi usiku, kwa wachezaji watano, hadithi niliyoitunga mwenyewe, yenye uchawi na mitambo kwa pamoja.

Nikiweka uchawi, wachezaji hawana haja na mashine. Nikiweka bunduki na roboti, mchawi wetu anakaa kimya kikao kizima. Nifanyeje? (Msomaji, Mombasa)

Swali hili lina umri karibu sawa na mchezo wenyewe. Mwaka 1976 Gary Gygax, mmoja wa waasisi wake, aliwaingiza wachezaji ndani ya chombo cha anga kilichoanguka milimani, na kisa hicho kikachapwa mwaka 1980. Watu wa panga na mikuki waliokota silaha za miale wasijue upande upi ni mdomo na upi ni mkia. Walizichunguza kwa kurusha dadu, na aliyekosea aliweza kujiumiza. Mwaka 2004 ikatoka Eberron, dunia iliyobuniwa na Keith Baker, yenye njia nyingine kabisa: kule uchawi wenyewe ndio teknolojia, unaendesha treni na kuwasha taa za mitaani.

Nimejaribu njia zote mbili. Kilichonisaidia hatimaye ni kuuliza kila nguvu ina bei gani, na anayeilipa ni nani.

Hadithi yetu iko kwenye mji wa bandari. Uchawi tunauita pumzi, nao unafuata pepo za msimu. Kaskazi ikivuma, pumzi ina nguvu na ni rahisi kuitumia. Kusi ikiingia, inabadilika tabia: inavunja vizuri kuliko inavyotibu. Kisha kuna tanga mbili, kile kipindi cha katikati ambacho upepo haujui unakwenda wapi. Hapo pumzi inakuwa kama mshumaa mlangoni, na mji unaangukia mikononi mwa mafundi. Anayetumia pumzi hapati usingizi usiku ule, kwa hiyo majeraha yake hayaponi. Mitambo haijali msimu wala usingizi, ila inakula shaba, na shaba inahesabiwa. Kila fundi ana visanduku kumi kwenye karatasi yake. Kikitumika kimoja, anakikata kwa kalamu.

Jumamosi moja meli ilikuwa inaelekea mwambani gizani, na ilikuwa tanga mbili. Mwenye pumzi alirusha dadu akakosa, akarusha tena akakosa. Fundi alikuwa na dinamo ya kuwasha mnara wa taa, lakini ilipungukiwa vipande viwili vya shaba. Nikawauliza, "Mna nini?" Kimya. Tulisikia feni ya chumbani kwa mmoja wetu, basi. Kisha mwenye pumzi akasema taratibu kwamba mhusika wake anavua bangili ya shaba ya bibi yake, ile aliyoiandika kwenye karatasi siku ya kwanza na ambayo hatukuigusa tena kwa miezi. Wakaiyeyusha. Taa ikawaka. Usiku ule hakuna aliyeuliza uchawi na mashine kipi kina nguvu zaidi.

Neno moja la hesabu. Wengi huweka sheria kwamba mashine ikipata 1 kwenye dadu ya pande 20, inalipuka. Asilimia 5 inaonekana ndogo. Lakini fundi akirusha mara 20 kwa kikao, uwezekano wa kuipata hiyo 1 angalau mara moja ni kama asilimia 64, maana yake karakana inalipuka karibu wiki mbili katika kila tatu. Kwetu, 1 inagharimu kisanduku kimoja cha shaba, na inatosha.

Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi, sina hela ya vitabu, na rafiki zangu wawili Kiingereza kinawasumbua. Tunaweza kucheza? (Msomaji, Tabora)

Marahaba, mwanangu. Mnaweza, tena bila kuvunja sheria ya mtu. Januari 2023 kanuni za msingi za toleo la tano la Dungeons & Dragons ziliwekwa chini ya leseni ya Creative Commons. Unaruhusiwa kuzichukua bure, kuzibadili na kuzitafsiri, mradi utaje zilikotoka.

Kwa hiyo tafsirini mnachokihitaji tu, kurasa tatu nne. Sifa sita za mhusika sisi tunaziita Nguvu, Wepesi, Siha, Akili, Busara na Haiba. Ile rusha ya kujiokoa na sumu au laana tunaiita kinga. Siku tuliyoanza kusema "rusha kinga ya Siha", mchezaji mmoja aliyekuwa akijibu kwa neno moja moja alianza kuongea kwa sentensi ndefu, na sasa ndiye anayetuchekesha kuliko wote. Lugha ya nyumbani inafungua kinywa, na mchezo huu unachezwa kwa kinywa.

Mama amenisikia nikisema "namtupia laana", akaniambia huo ni ushirikina. Kaka, nimwambie nini? (Msomaji, Zanzibar)

Usimcheke, na usimfiche. Kwetu uchawi ni neno zito, kuna watu wamepoteza ndugu na nyumba kwa kushukiwa tu. Hata Marekani, miaka ya 1980, wazazi wengi waliuogopa mchezo huu kwa sababu za dini.

Mimi nimejiwekea mipaka. Siingizi aya za Qurani wala za Biblia, siingizi kombe, wala mizimu ya ukoo wa mtu yeyote. Nguvu iliyomo ni ya kubuni, na ndiyo sababu niliipa jina lake, pumzi. Kabla ya kuanza hadithi mpya tunakuwa na kikao kizima cha makubaliano bila dadu: kila mtu anataja asichotaka kabisa kukutana nacho, na hatumwulizi sababu. Mmoja wetu alisema kuzama majini. Hadithi ni ya bandari, naam, lakini hakuna aliyezama hadi leo.

Mwalike mama akae pembeni kikao kimoja, simu ikiwa kwenye spika. Atakachosikia ni vijana wakibishana namna ya kuvusha wagonjwa mtoni. Na kama baada ya hapo bado hataki, msikilize. Unaweza kucheza hadithi ya mitambo mitupu.

Kundi letu liko Dar, Muscat, London na Toronto. Kila wiki mtu anakosea saa. (Msomaji, Dar es Salaam)

Andikeni saa mara mbili: 21:00, yaani saa 3 usiku ya Dar. Kijana wetu aliyekulia Toronto aliona "saa 3" akajiunga saa tatu ya Kizungu mchana wa kwao, akakuta tumebakiza salamu za kuagana. Saa 3 usiku ya Dar ni saa 4 Muscat mwaka mzima. London ni saa 12 jioni wakati wa baridi na saa 1 wakati wa joto. Toronto ni saa 7 mchana, kisha saa 8. Mwezi Machi angalieni zaidi, kwa sababu Kanada inasogeza saa wiki mbili au tatu kabla ya Uingereza.

Bando linaisha katikati ya vita na umeme unakatika. Je, tuache? (Msomaji, Goma)

Hapana. Zimeni video, chezeni kwa sauti peke yake. Ramani ichorwe kwenye karatasi, ipigwe picha, itumwe mara moja mwanzoni. Dadu kila mtu arushe kwake, aaminiwe. Ikishindikana hata hivyo, chezeni kwa maandishi kwenye kundi la WhatsApp, msimulizi aeleze asubuhi na kila mtu ajibu akipata mtandao. Ni polepole, ila nimeona watu wakiandika mambo ambayo kwa mdomo wasingethubutu.

Mchezaji wangu ni fundi umeme kweli. Kila kikao anabuni mtambo mpya na anataka ufanye kazi papo hapo. (Msomaji, Nakuru)

Una bahati, mtumie. Akitaja mtambo, chora duara, ligawe vipande sita, mwambie kila kipande kinajazwa kwa siku moja ya kazi au kwa kitu adimu anachopaswa kukitafuta. Wenzake wataingia humo bila kuitwa: mmoja anaiba koili, mwingine anamdanganya mlinzi wa ghala.

Wa kwetu alianza mashine ya kuvuta mvua, akajaza vipande vinne, kisha kazi ikambana akaacha kuja. Sikumuua mhusika wake. Nilimpandisha jahazi la kusi, nikaliacha duara lake kwenye ukurasa wa mbele wa daftari langu. Baada ya miezi minne alirudi, na kabla hata hajatusalimu akauliza kama vile vipande viwili bado viko wazi.