Mwanangu, anza na godoro

Nkuhungu, Dodoma

Mama yangu,

Meseji yako nimeisoma mara tatu, ya nne nikamsomea mama yako akiwa anachambua karanga. Unasema safari za Dar kwenda Kigali zimepamba moto, kichwa cha lori ulichokabidhiwa ni kikuukuu, kitanda cha kabini kimebonyea katikati, na juzi mlipolala Igunga uliamka umechoka kuliko ulivyopaki. Una laki tatu mkononi, unauliza uanze na friji, televisheni au feni.

Anza na godoro. Baada ya godoro, neti za madirishani. Feni ije ya tatu. Friji isubiri, na televisheni mimi singeinunua kabisa, kwa sababu itakukesheza pale pale unapotafuta usingizi.

Mwaka wangu wa pili barabarani nilikesha Igunga napigana na mbu na joto, alfajiri nikaliondoa gari hivyo hivyo. Mbuga ya Wembere tukaivuka salama. Tulipoanza kupanda mlima wa Sekenke, gari liko gia ya chini, linanguruma kwa sauti moja, nikapotea. Sijui zilikuwa sekunde ngapi. Nilichosikia ni changarawe chini ya tairi za kushoto, na nilipofumbua macho mkono wa utingo wangu ulikuwa umeshika usukani juu ya mkono wangu. Hatukusemeshana mpaka Misigiri. Mama yako nilimweleza habari hiyo baada ya kustaafu. Kwa hiyo ukiniuliza namna ya kulala vizuri kabini, naacha kila kitu nikujibu.

Lile godoro la zamani litoe, usilifanyie huruma. Pima ubao wa kitanda kwa futi: urefu mara moja, lakini upana upime sehemu tatu, maana vitanda vya kabini havina kona sawa, vimekatwa kupisha siti na milango. Vipimo hivyo mpelekee fundi anayekata sponji, umwambie unataka nzito ya inchi 4. Ya inchi 6 itakuinua mno, ukikaa kitako kichwa kinagonga kitanda cha juu. Kabla hujalipa, iweke chini upige goti katikati. Goti likigusa sakafu, achana nayo, haitamaliza mwaka. Foronya iwe ya pamba. Ile ngozi ya plastiki inapendeza dukani, lakini usiku inakuchemsha.

Chini ya godoro tandika mkeka wa ukindu. Hili madereva wengi hawalijui. Mtu akilala mwili unatoa jasho hata usiku wa baridi, unyevu wake unapenya sponji na ukikutana na ubao wa baridi unageuka maji. Kesho asubuhi inua godoro ulipapase kwa chini, utaukuta mkono umelowa. Ndiyo ile harufu unayosema haitoki hata ukipuliza manukato. Mkeka unaacha upenyo, hewa inapita. Na kila asubuhi, wakati unakunywa chai, lisimamishe godoro liegemee ukuta wa nyuma, milango ikiwa wazi.

Neti usiweke chandarua cha nyumbani, kitakusonga humo ndani. Mama yako ameshakata kitambaa cha neti, anakishona kama soksi kubwa yenye lastiki mdomoni. Unafungua mlango, unaivika fremu ya kioo kutoka juu mpaka chini, lastiki inabana, unafunga mlango, kisha unashusha kioo. Vika milango yote miwili. Dirisha moja pekee halileti hewa. Hewa inataka iingie huku itokee kule. Kushusha kioo vidole vinne kila upande kunatosha.

Lakini mwanangu, hata ukiwa na godoro la mfalme, ukipaki vibaya hulali. Injini iko chini ya kitanda chako. Ukimaliza mlima na mzigo, lile joto linaendelea kupanda kupitia sakafuni muda mrefu baada ya kuzima gari. Kwa hiyo fika mapema, fungua milango, kabini ipoe wakati unakula. Ratiba ikikuruhusu, ukitoka huku lala Singida, usishuke. Singida iko juu, upepo hauishi, usiku unajifunika. Ukishuka Sekenke umeingia kwenye joto la bondeni na mbu wake. Ukirudi kutoka Kigali fanya kinyume chake: pita Igunga jua likiwa bado lipo, upandishe, ukalale juu.

Huku kwetu Nala usijibane kwenye mstari wa mizani, malori yanasogea usiku kucha. Nenda pembeni, ushuke, urushe vumbi kidogo uone linaelekea wapi. Ukiona upepo unatoka kwa gari lenye kontena la baridi au lililoacha injini inaunguruma, hama. Moshi wake wote utauvuta wewe ukiwa umelala.

Sasa nisikilize kwa hili. Juni na Julai hapa Dodoma na huko Singida baridi ni kali, na utamwona dereva anaingiza jiko la mkaa kabini, eti limebaki makaa mawili tu ya kupashia miguu. Usifanye, hata kwa dakika kumi, hata vioo vikiwa wazi kidogo. Mkaa unapoungua kwenye hewa haba unatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Haikuamshi kwa kukohoa kama moshi. Inakuzidishia usingizi tu. Rafiki yangu wa safari nyingi tulimgongea mlango asubuhi moja ya Julai, hakuitika. Tulipofungua alikuwa amejifunika vizuri, miguu yake karibu na jiko. Mpaka leo nikipita ule uwanja natazama pembeni. Nunua blanketi zito, vaa soksi na kofia, jaza chupa maji ya moto ukumbatie. Na mtungi wako wa gesi wa kilo 6 ukae kwenye boksi la nje, upikie nje. Gesi ikivuja ni nzito kuliko hewa, inatulia sakafuni inangoja cheche.

Umeme. Gari lako lina betri mbili za volti 12 zilizoungwa zikatoa 24. Fundi rewaya mwenye haraka atakwambia, "Dada, chukua tu volti 12 kwenye betri moja, uokoe hela ya konveta, kile kifaa cha kushusha volti 24 ziwe 12." Mkatalie. Betri moja inanyonywa, nyingine inashiba, na alteneta inazichaji zote kama kitu kimoja. Ya kwanza haijai kamwe, ya pili inachajiwa kupita kiasi, na zote mbili zinakufa. Mimi nilifanyiwa hivyo kwa ajili ya redio, na asubuhi moja Nzega nikazungusha ufunguo nikasikia tik, tik, basi. Nunua konveta, au feni ya volti 24 moja kwa moja. Waya wake uwe na fyuzi karibu kabisa na betri, usipite chini ya godoro.

Feni ya wati 15 ikizunguka saa 8 inakula kama Ah 5 (ampea-saa, kipimo cha umeme uliomo kwenye betri). Betri zako zimeandikwa Ah 150, haziwezi kuihisi. Friji ya wati 50, hata ikipumzika nusu ya muda, inakula kama Ah 25 kwa siku. Ukikwama foleni ya mpakani Rusumo siku mbili gari limezimwa, hiyo ni Ah 50, na betri za zamani hazina tena kile kilichoandikwa ubavuni. Ndiyo maana nasema isubiri mpaka tajiri abadilishe betri. Gari ni lake, kwa hiyo usitoboe bodi wala kukata waya bila ruhusa yake.

Vingine vidogo: mapazia mazito meusi, dumu la maji la lita 20 lenye bomba, mtungi wa kuzimia moto uufikie ukiwa umelala. Usiku pitisha mkanda wenye kifungo cha kubonyeza kutoka kitasa cha mlango huu hadi cha mlango ule. Wa nje hafungui, nawe ukitaka kutoka unabonyeza mara moja. Jizoeze kuufungua gizani. Mambo ya kujisitiri mama yako atakupigia mwenyewe.

Nitumie vile vipimo kabla ya Jumatano ili sponji ikatwe. Ukipita Ijumaa, paki Nala, nitakuja na bodaboda na godoro, mkeka wa bibi uliyepewa jina lake, na hizo neti. Karanga zimo. Tutalifunga wote wawili, halafu nataka nikuone umelala hapo walau saa moja kabla hujaondoka.

Baba yako