Jibu: Mtoto atimiza miezi 6, nianze na boga au uji?

Shoga, wauliza boga au uji, na mavyaa ataka uji mwepesi wa chupa. Kwa heshima zake, chupa iache. Uji uwe mzito, ukiinamisha kijiko usimwagike ovyo. Tumbo la mtoto ni dogo, maji matupu hayamshibishi.

Mimi nilianza na boga la soko la Kongowea. Kipande nachemsha, naponda kwa uma, nalainisha kwa maziwa yangu niliyokamua. Vijiko viwili vitatu, mara mbili kwa siku. Siku ya kwanza mwanangu alitema lote, akanikunjia uso kama aliyelishwa shubiri! Usimlazimishe, mjaribishe tena kesho.

Ila boga peke yake halitoshi. Umri huu akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo yapungua, kwa hivyo usichelewe kuongeza pojo (choroko), yai lililoiva vyema, maini kidogo ya kusaga, au samaki (changu ana miba, mpekue kwa vidole mara mbili). Chumvi na sukari hahitaji. Asali hata ya kulambishwa, hapana, mpaka atimize mwaka. Kunyonya kuwe vilevile, usipunguze.