Nunua PS5 yenye sehemu ya diski

Ndugu yangu, umeuliza kama uchukue PS5, mashine ya gemu ya Sony, ya diski au ile ya dijitali (haina sehemu ya diski, gemu zake unazipakua mtandaoni) kwa kuwa ni nafuu. Chukua ya diski, usisite.

Unafuu wa mwanzo unadanganya. Ukiwa na ya dijitali unategemea duka la Sony, na bei wanapanga wao. Diski unaweza kuinunua iliyotumika, ukaimaliza, ukaiuza au ukabadilishana na rafiki. Mimi gemu nyingi nimezicheza hivyo, na nyingine nimeziuza karibu kwa bei ileile niliyonunulia. Ya kupakua ukishalipa basi: huwezi kuiuza.

Halafu maduka ya mtandaoni hufungwa. Nintendo walifunga la mashine zao za gemu za 3DS na Wii U Machi 2023, na gemu zilizouzwa humo tu huwezi tena kuzinunulia mashine hizo. Iliniuma sana. Mwaka 2013 Microsoft nao walitaka kuwekea masharti gemu zilizotumika za mashine yao mpya, Xbox One. Wachezaji wakapiga kelele mpaka wakarudi nyuma kabla haijaingia sokoni. Haki hii ilipiganiwa, tusiiachie kirahisi.

Kama bei imekushinda kabisa, tafuta ya dijitali ya umbo jembamba iliyotoka mwishoni mwa 2023. Hiyo unaweza kuinunulia sehemu ya diski baadaye ukaipachika mwenyewe, ila siku ya kuiunganisha utahitaji intaneti. Ya dijitali ya 2020 haipachikwi kitu, kwa hiyo mbane muuzaji akuambie ni ipi kabla hujatoa hela.