Kamba Hawasubiri Bandari Ifunguliwe

Januari 2020 nilikuwa na mabwawa matatu ya kamba waliobakiza siku chache kuvunwa. Mnunuzi alikuwa mmoja tu. Aliwasafirisha kwa ndege, wabichi ndani ya barafu, hadi kwenye mahoteli ya China. Januari 23 mji wa Wuhan, huko China, ukafungwa kwa sababu ya Korona, siku mbili kabla ya mwaka mpya wa Kichina. Jioni hiyo hiyo akanipigia: oda imefutwa.

Kosa langu kubwa lilikuja baada ya simu hiyo. Niliamua kungoja. Nilijiambia soko litafunguka baada ya wiki mbili, nikaendelea kuwalisha. Lakini kamba aliye bwawani si mahindi ya ghalani. Kila siku anakula, na chakula ndicho kinachomeza zaidi ya nusu ya gharama za ufugaji huu. Kadiri anavyokua ndivyo anavyohitaji oksijeni zaidi, na maji ni yale yale. Alfajiri ndiyo saa mbaya, kwa kuwa usiku kucha mimea ya majini imekuwa ikivuta oksijeni bila kuitoa. Alfajiri moja nilimulika tochi nikawaona wamejazana juu ya maji, kandokando ya ukuta, wakitafuta hewa. Vipuliza hewa vilikuwa vinafanya kazi vyote. Bwawa hilo nililipoteza karibu lote.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ndio ninaousisitiza kuliko mwingine wowote: mnunuzi akinyamaza, punguza kamba bwawani wiki hiyo hiyo. Vuna sehemu, hata kama hawajafikia ukubwa unaoutaka. Waliobaki watapata nafasi ya kupumua, nawe utapata muda wa kufikiri.

Ukishavuna, utawaweka wapi? Swali hili lijibu kabla ya kupandikiza vifaranga wa kamba bwawani. Mimi nilianza kutafuta ghala la baridi wakati kila mfugaji na kila mvuvi analitafuta, na viwanda vya kusindika vilikuwa vimepunguza wafanyakazi ili watu wasisongamane. Sasa naweka nafasi mapema na kuilipia, hata msimu ambao sitaitumia. Inauma, lakini kamba aliyegandishwa vizuri na kuhifadhiwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri anakupa miezi. Mbichi anakupa siku.

Soko lenyewe halikufa, lilihama. Mahoteli yalipofunga milango, watu walipika nyumbani, na maduka makubwa yakataka kamba wadogo, waliomenywa na kufungwa katika pakiti za kugandishwa. Aliyekuwa amezoea kuuza kamba wakubwa wenye vichwa kwa wapishi alibaki nao mkononi.

Usafiri nao una siri yake. Samaki wengi wabichi husafiri kwenye tumbo la ndege za abiria. Abiria wakikosekana, na nafasi ya mzigo inakosekana. Muulize msafirishaji wako mzigo unapanda ndege gani hasa.

Kisha zikaja kanuni mpya. Juni 2020, baada ya maambukizi katika soko la Xinfadi, Beijing, samaki aina ya salmoni kutoka nje waliondolewa madukani. Julai, China ilisimamisha kamba wa kampuni tatu za Ekuador kwa sababu chembechembe za kirusi cha Korona zilipatikana kwenye kontena na nje ya vifungashio, si kwenye nyama. Wataalamu walikuwa wameshasema chakula si njia ya kuambukiza Korona, lakini hilo halikulitoa kontena la mtu yeyote bandarini. Weka kumbukumbu za usafi na afya za wafungashaji, tarehe kwa tarehe.

Mkataba wangu wa sasa una kifungu ambacho zamani sikuwa nacho: kontena likizuiwa kwa ukaguzi, nani analipia umeme wa kulipoza, na kuanzia siku ya ngapi. Nilibishana na mnunuzi wiki tatu nzima juu ya kifungu hicho, na vifaranga sikuwaingiza majini hadi alipotia saini.