Trauti wanakula alfajiri, mchana kimya

Ndugu, kama alfajiri samaki aina ya trauti wanakula na jua likipanda hupati hata mguso, hawajahama ziwa, wameshuka. Trauti hupenda maji ya nyuzi 10 hadi 15 hivi, na kiangazi hayo yako chini. Funga kipimajoto kwenye kamba yenye alama kila mita, kiache dakika mbili, kivute haraka ukisome. Joto linapoanguka ghafla, pitisha kijiko (chambo cha chuma chenye umbo la kijiko, kinachoyumba majini) hapo, juu yao kidogo, maana hutazama juu. Mashua iende mwendo wa mtu anayetembea taratibu. Mshipi ukijisokota, kijiko kinazunguka badala ya kuyumba: punguza mwendo. Na maji ya juu yakipita nyuzi 20, usivue kwa nia ya kuwaachia. Wengi hufa baadaye.